Kaka Yangu na Jiko la Ayalandi

Kaka yangu Mahfoudh alijifunza kuosha mchele akiwa na miaka sitini na sita, na aliyemfundisha ni mimi, jikoni kwangu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Nayasema haya kwa fahari, ingawa siku zile nilitamani kumpiga mwiko.

Mahfoudh ni mhandisi mstaafu. Miaka thelathini alikwenda na kurudi wizarani, Al Khuwair, na faili zake zilikuwa nadhifu kuliko kabati langu la nguo. Ujanani, ndio kwanza kaoa, alipelekwa Ayalandi kusoma miezi sita. Kila Jumamosi alitembea pwani kwenye mvua, na akirudi anamwandikia mkewe Balqees barua: siku moja nitakuleta uione. Wakaja watoto, mama yetu akaugua, kazi haikwisha, na safari ikawa kila mwaka ni mwakani. Imepita miaka arubaini na moja.

Mwaka huu, joto lilipoanza kutuchemsha mwezi wa Mei, akaiona nyumba ya Ayalandi kwenye simu. Ndogo, nyeupe, dakika kumi kwa miguu mpaka baharini. Ni zile nyumba za likizo ambazo unazipanga kwa wiki na kujipikia mwenyewe. Mwenye nyumba, mama mmoja wa huko, alimwambia atamwekea mpaka Alkhamisi ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, atampa mwengine.

Balqees alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani atapika?"

Kaka yangu, na uhandisi wake wote, hilo hakuwa amelifikiria.

"Miaka arubaini na moja nnapika hapa Azaiba," akasema wifi yangu. "Leo nipande ndege, nivuke nchi zote hizo, nikapike? Kama ni mvua nipeleke Salala, nako kwanyesha na ni nchini kwetu, na wapo watakaonipikia."

"N'tapika mie," akasema Mahfoudh.

Balqees akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Kicheko kile kilimuuma kaka yangu. Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwangu, daftari mkononi.

"Dada Shaikha, nifundishe. Na Balqees asijue mpaka niweze."

Nikaapa kwamba sitosema. Mtu asiape kabla hajanywa chai.

Sijapata kuona mwanafunzi wa kuchosha kama yule. Nikimwambia tia chumvi kiasi, ananiuliza kiasi ni gramu ngapi. Vitunguu alivipima kwa rula. Tui la kwanza likakatika, la pili likakatika, la tatu nikamtoa jikoni na kumpa maji ya baridi, maana alikuwa karibu ya kulia. Lakini kila siku saa tatu alikuwepo, na mkewe amemwambia anakwenda barazani kwa wenzake wa wizarani. Alichokipika lazima tukile sote wawili, nisije nikamkatisha tamaa. Nimenenepa kwa ajili ya mapenzi ya watu.

Jumanne ya wiki ile ile ya mwisho, Balqees akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wifi, kaka yako kaoa."

"Nani atamtaka?" nikamjibu. Hakucheka.

"Kila siku anarudi hana njaa. Kanzu inanuka vitunguu na karafuu, na mie asubuhi sijapika kitu. Vidole vina bizari. Kuna mwanamke anampikia, tena anamlisha kwa mkono. Na khabari ya ile safari haitaji tena. Nimeshafunga begi. Kesho nnakwenda kwa kaka yangu Azzam."

Mwanamke wa kwetu haendi kwa kaka yake na begi kwa mzaha. Akishavuka mlango ule, kumrudisha ni kazi ya ukoo mzima, na wanaume wawili watu wazima wangekaa sebuleni kwa Azzam kuzungumza habari za vitunguu. Nami nimeapa sitosema. Basi sikusema.

"Nenda," nikamwambia. "Lakini pita kwangu kwanza, saa nne. Nna kitu chako."

Akaja, begi kaliacha garini, macho yamevimba. Nikamshika mkono, nikamsimamisha kwenye mlango wa jikoni.

Mahfoudh alikuwa ametupa mgongo. Kajifunga leso yangu kiunoni juu ya kanzu, miwani imeingia mvuke, anasoma daftari kwa sauti kama anayekagua daraja: "Tui la pili kwanza. Moto mdogo. Usiondoke." Kisha akakwangua chini ya sufuria na kusema peke yake, kwa huzuni, "Wali umeungua tena. Na kesho ndiyo Alkhamisi."

Balqees akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipomtazama. Alikuwa anafanya yote mawili.

Mahfoudh akageuka. Mwiko ukamwanguka.

Wifi yangu akaingia, akachukua kijiko, akaonja. "Chumvi imezidi," akasema. Akajipakulia sahani nzima, akala kwa kusimama, mpaka ukoko. Kaka yangu alimtazama kila tonge kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Alipomaliza akanawa mikono, akauliza, "Hiyo nyumba yako, jikoni mna kiti?"

Mahfoudh akatafuta simu mifukoni, akaikosa, akaiona chini ya daftari. Vidole vilikuwa na bizari na picha zilikataa kufunguka. Mwishowe ikatokea: meza, dirisha, nje majani mabichi na mvua.

"Viwili," akasema.

"Basi mpigie huyo mama. Kimoja changu, n'takaa nikutazame." Akamvua miwani iliyojaa mvuke, akaifuta kwa ncha ya leso, akamvisha. "Na hicho chengine kiweke karibu yangu. Ukichoka, na weye ukae."