Osundwa Asimamisha Kanda

Mwaka wa tisini na sita, hapo Khayega, hakuna mtu aliyekufa kwenye filamu bila idhini ya Willis Osundwa. Banda lake la video lilikuwa la mabati na deki yake ya kuchezea kanda ilikuwa kuukuu, lakini madaraka aliyojipa yangemtosha jaji mzima. Kila stelingi, shujaa wa filamu, alipoinua bunduki, Osundwa alibonyeza rimoti, picha ikaganda, kisha akauliza kwa sauti ya kanisani, "Ana haki?" Wakata miwa na wachuuzi wa soko wakanguruma, "Ana haki!" Hapo ndipo alipoachilia kanda, na mtu akafa kwa kufuata sheria.

Aliyemkera alikuwa mmoja tu, Mwalimu Andati, aliyefundisha fasihi shule ya sekondari na ambaye aliingia bandani kila Jumamosi, ati kuchunguza maadili ya jamii. Aliyachunguza akiwa benchi la mbele.

"Kwenye vitabu," Mwalimu alipenda kumwambia, "mtu akiua mmoja tu, usingizi unamhama. Anatapika, anaongea na ukuta, kurasa mia tatu anajuta. Huyu stelingi wako ameua arobaini, na bado ana nafasi ya kunyoa ndevu!"

"Hao arobaini walichoma nyumba ya mamake. Wa kitabu chako aliua kwa nini?"

"Mawazo."

"Sasa unaona, Mwalimu? Wako hana sababu, ndiyo anajuta. Wangu ako na sababu, ndiyo analalanga kama mtoto."

Osundwa alilipenda sana jibu hilo. Alilirudia nyumbani kwa mkewe Pascalia, ambaye hakuwa amemuuliza chochote. Kwa maoni ya Osundwa, hatia ilikuwa ugonjwa wa watu waliosoma kupita kiasi.

Kisha Jumamosi moja, saa nane mchana, alitoka kula obusuma, ugali wa kwao, akakuta kelele nje ya banda. Wateja wake walikuwa wamemnasa Masinde, fundi wa baiskeli mwenye mke na watoto watatu, akitokea mlango wa nyuma na deki kwapani. Walikuwa wameshamchania shati. Mawe yalikuwa mikononi, na mmoja alikuwa amebeba tairi la kumchomea. Lakini hakuna aliyerusha. Walikuwa wanamngoja Osundwa, kama alivyowazoeza.

"Osundwa!" mmoja akaita. "Deki ni yako. Tuko na haki?"

Watu sitini wakamkodolea macho. Osundwa, Mungu amsamehe, akaingiza mkono mfukoni akitafuta rimoti.

Masinde alikuwa amejikojolea. Hakutoa maneno makali ya mwisho kama wale wa kwenye filamu. Alikuwa akiita mamake tu. Osundwa akaogopa. Aliogopa kwamba lile neno dogo alilolitoa mara mia kwa raha zake sasa lingemuua mtu ambaye hangeonekana tena wiki ijayo katika kanda nyingine, na jina jingine. Akamtafuta Mwalimu Andati, mtaalamu wa majuto, amsaidie. Mwalimu naye alikuwa na jiwe, dogo, la heshima.

"Mimi ndiye nilimtuma," Osundwa akasema kwa sauti nyembamba. "Anaipeleka kwa fundi. Inakwaruzanga kanda."

Wakamtazama kwa chuki, kama siku ile umeme ulipokatika katikati ya pigano. Mmoja mmoja wakaangusha mawe, wakinung'unika. Mwalimu akajipangusa vumbi mikononi, akaeleza kwamba alikuwa karibu kuwatuliza.

Jumamosi iliyofuata stelingi akainua bunduki, na Osundwa akasimamisha kanda. Swali likakataa kutoka. Kwenye kioo jambazi alikuwa amepiga magoti, mdomo wazi, na Osundwa aliujua uso huo. Akaona aibu ya miaka yote aliyouliza akicheka. Aliamua kuizima deki na kuwaambia watu waende nyumbani.

"Ana haki!" mtu akapayuka kutoka mbele kabla hajaulizwa. "Muue! Unangoja nini? Muue!"

Alikuwa Masinde, amevaa shati alilopewa na Osundwa.