Mama Mikate na kiti kisichokalika

“Mimi siendi,” anasema dada mtu, na mkoba aliokwisha kuutia begani anaurudisha juu ya meza. “Tafuta mwingine wa kukusindikiza ukakatwe.”

“Saa hizi nimtoe wapi?”

“Ungefikiria jana.”

“Jana ulikubali!”

“Jana uliniambia upasuaji mdogo. Nikadhani uvimbe. Kumbe ni huko!” Anainua barua ya hospitali aliyoikuta juu ya friji, anaisoma tena kana kwamba maneno yatakuwa yamebadilika. “Kupunguza mashavu ya uke. Wewe, una akili timamu?”

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Siku nyingine, saa hizi mdogo mtu angekuwa amekwisha kushusha mikate kwenye maduka kumi na moja. Leo yuko jikoni kwake, hajala wala kunywa tangu usiku kama alivyoelekezwa, na saa tatu anatakiwa awe hospitali. Masharti ameyasoma mara nyingi hadi ameyakariri: asiyekuja na mtu mzima wa kumrudisha nyumbani na kulala naye usiku wa kwanza, hapasuliwi.

Ana miaka arobaini na mmoja na watoto wawili wa shule. Jina lake hakutaka liandikwe. “Andika Mama Mikate,” anasema. “Tuko wengi tunaobeba mikate. Wacha wakisie.”

Kazi yake huanza saa kumi na nusu alfajiri kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda cha mikate. Anapakia mikate themanini kwenye kreti lililofungwa nyuma ya baiskeli, anakanyaga kilomita ishirini na mbili, na saa tatu kasoro kreti huwa tupu. Kazi hiyo imewalisha watoto wake tangu mdogo akiwa wa kubebwa.

Tatizo lenyewe ni hili, na litajwe kwa jina lake, maana kulificha ndiko kulikomchelewesha miaka tisa. Shavu la ndani la uke wake, upande wa kulia, ni refu. Akikaa kwenye baiskeli linabanwa kati ya mfupa na kiti, linachubuka. Halijapona vizuri, kesho linachubuliwa tena. Mara mbili kidonda kimetunga usaha.

“Nilizoea kuendesha nimesimama,” anasema. “Watu wakadhani nina haraka.”

Ila mtu akisimama kwenye pedali, kreti nyuma huyumba. Miezi mitatu iliyopita lilimwangusha kwenye kona, mikate arobaini ikaingia matopeni. Msimamizi wa kiwanda hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba yupo kijana mwenye pikipiki anayeitaka njia ile, na kwamba akianguka tena, kijana ataipata.

Hayo yote dada mtu hakuyajua. Yeye ni mkunga, miaka kumi na tisa katika wodi ya wazazi, na asubuhi hii anasema kwa sauti ya wodini.

“Wiki iliyopita nimemshona msichana wa miaka kumi na tisa aliyekeketwa akiwa mtoto. Nimeshona kama yeye wengi. Nikivua glavu naenda kuwaambia akina mama: msiwaguse mabinti zenu, walivyoumbwa ni wazima. Leo nimshike mkono mdogo wangu wa tumbo moja, nimpeleke kwenye kisu?”

“Wale walishikwa, Dada. Mimi kanishika nani?”

“Yule bwana.”

Mama Mikate anachukua kitambaa na kuanza kufuta meza iliyo safi.

“Yule bwana” ni aliyekuwa mume wake. Kabla hawajaachana, usiku mmoja aliwasha taa, akatazama, akacheka, akamuuliza kama alizaliwa hivyo au alijifanyia mwenyewe. Kesho yake Mama Mikate alikwenda kulia kwa dada yake. Imepita miaka minane.

“Ameondoka na masanduku yake,” anasema mkunga, safari hii kwa upole, “lakini naona kicheko chake amekiacha humu ndani. Unatumia akiba ya mwaka mzima kumrekebishia mtu asiyerudi.”

“Njoo nikuonyeshe kitu.”

“Sitaki kuonyeshwa.”

“Si huko! Njoo stoo.”

Stoo ni chumba chembamba cha mabati ubavuni mwa nyumba. Baiskeli imeegemezwa ukutani. Juu yake, kwenye misumari mitatu, vimetundikwa viti vitatu vya baiskeli.

Cha kwanza kimeongezwa sponji. Cha pili ni kipana kama sinia, kimetolewa kwenye baiskeli ya mazoezi. Cha tatu kimekatwa tundu refu katikati, kingo zake zikashonewa ngozi.

“Fundi aliniuliza nina shida gani. Nikamwambia mgongo,” anasema Mama Mikate. “Akanitazama, akatazama kiti, akaniambia, ‘Mama, huu mgongo wako uko chini sana.’ Lakini tundu alikata.”

Mkunga anataka kucheka, anajizuia. Anakibonyeza kiti cha tatu kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza tumbo la mjamzito. Halafu anakifikia cha kwanza, anakitoa kwenye msumari, anakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kitambaa cha juu ya sponji kina doa la kahawia, limefuliwa mara nyingi na halikutoka. Doa la namna hiyo mkunga hahitaji kuelezwa.

“Tangu lini?”

“Hicho? Mwaka juzi.”

“Na mimi dada yako mkunga, nakaa mitaa miwili kutoka hapa.”

“Ungeniambia niko mzima.”

Mkunga anakirudisha kiti kwenye msumari. Kinamdondoka, anakiokota, anakirudisha tena.

“Nakuja,” anasema. “Lakini usije ukadhani nimekubali. Nakuja kusikiliza.”

Saa tatu na dakika kumi wamekaa kwenye chumba kidogo chenye kitanda, viti viwili na pazia la kijani. Mama Mikate amevalishwa gauni la hospitali lenye kamba mgongoni. Vidole vya miguu anavikunja na kuvikunjua kwenye sakafu ya baridi. Muuguzi anasoma fomu kwa haraka, kama mtu aliyezisoma nyingi.

“Upasuaji wa kupunguza mashavu ya ndani ya uke, pande zote mbili. Dawa ya usingizi. Wiki sita bila kupanda baiskeli. Hatari ni kutoka damu, maambukizi, kovu, kupungua au kubadilika kwa hisia. Umeelewa, mama?”

“Nimeelewa.”

“Weka sahihi hapa. Msindikizaji hapa chini.”

“Ngoja kwanza,” anasema mkunga. “Pande zote mbili?”

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

Mkunga anamgeukia mdogo wake. “Wa kushoto unauma?”

“Dada, usianze.”

“Nakuuliza kama ninavyomuuliza mgonjwa yeyote. Wa kushoto, ulishawahi kuchubuka?”

Muuguzi anabofya kalamu yake mara mbili.

“Hapana,” anasema Mama Mikate.

“Hata siku moja?”

“Nimesema hapana!”

“Basi wa kushoto unamkatia nani?”

Mama Mikate anafumba macho. Anapoyafumbua yana machozi, na sauti yake ni ya hasira. “Nilitaka nikitoka hapa niwe kama watu. Mara moja tu. Kuna ubaya gani?”

“Kama watu gani?” Mkunga anavuta kiti chake hadi magoti yao yanagusana. “Nimewaona maelfu, mdogo wangu. Maelfu, taa ikiwa imewashwa. Marefu, mafupi, meusi, ya waridi, moja huku limekwenda, jingine kule. Sijaona mawili yanayofanana hata kwa mtu mmoja. Hao watu unaotaka kuwa kama wao, niambie wodi yao iko wapi, nihamie.”

Muuguzi anaangalia chini kuficha tabasamu. Halafu anakumbuka saa iliyo ukutani. “Mama, chumba kimeandaliwa. Kama huko tayari leo si kosa, tunakupangia siku nyingine. Ila mpaka daktari apate nafasi ni miezi minne.”

Miezi minne mingine ya kuendesha amesimama, huku kijana wa pikipiki akiwa ameiva kwa kusubiri. Mama Mikate anaomba aitiwe daktari.

Daktari mpasuaji, mwanamke mfupi aliyevaa kofia ya chumba cha upasuaji, anafika na kusimama nusu mlangoni. Anasikiliza. Haonyeshi kukasirika. Anasema siku ya kwanza alipendekeza kulia peke yake, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeomba pande zote.

“Ni kweli,” anasema Mama Mikate. “Niliomba mimi.”

“Nikipunguza kulia tu, maumivu ya kiti yatapungua sana, hiyo naitarajia, ingawa siwezi kukuapia. Lakini hazitalingana sawasawa. Usije mwezi ujao ukaniambia nimekuharibu.”

“Kwani zimewahi kulingana lini, daktari?”

“Sijui. Wewe ndiye mwenyewe.”

Mama Mikate ananyoosha mkono. Muuguzi anadhani anataka maji, anaanza kumkumbusha kwamba haruhusiwi.

“Kalamu,” anasema Mama Mikate.

Anaiweka fomu juu ya paja. Anayakata maneno “pande zote mbili” kwa mstari mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, hadi karatasi inakaribia kuchanika. Juu yake anaandika kwa herufi kubwa: KULIA TU. Daktari anatia sahihi yake pembeni ya masahihisho, naye Mama Mikate anatia yake chini. Fomu anampa dada yake.

Mkunga anaisoma yote, mstari kwa mstari, hata maandishi madogo. Anauliza uzi utakaotumika ni upi. Daktari anamtajia. Anauliza nani atabadilisha bandeji siku ya tatu.

“Si wewe?” anauliza Mama Mikate.

“Mimi, ndiyo. Nilitaka uliseme.” Anatia sahihi.

Kinachobaki ni haraka haraka. Mama Mikate anavua hereni, anazitia kwenye kiganja cha dada yake. Kutoka kwenye mkoba anatoa ufunguo wa kufuli la baiskeli, nao anauweka hapo hapo.

“Wiki sita njia nimemwachia mke wa jirani na baiskeli yake. Anaisukuma kwa miguu zaidi kuliko anavyoiendesha, lakini mikate inafika. Msimamizi ameridhia. Wiki ya saba narudi mwenyewe, na fundi mwambie anirudishie kile kiti cha kwanza kabisa, kilichokuja na baiskeli. Kile cha kawaida.”

“Nitamwambia mgongo umepona.”

Mama Mikate anacheka, kicheko kifupi kinachokatika katikati. Anateremka kitandani kabla muuguzi hajaleta kiti cha magurudumu.

“Mama, tunakusukuma.”

“Nina miguu.”

Anashika gauni kwa nyuma lisifunuke, anapita kwenye pazia la kijani, na kutembea hadi mwisho wa ukumbi. Mlango wa chumba cha upasuaji ni wa kusukuma. Anausukuma mwenyewe.