Vigae vya Kaburi la Baba

Simu ilinikuta Kanyakine, nikichanganya saruji kwa fundi mmoja aliyekuwa akinivumilia. Mama alisema benki ya mjini Embu imekubali kuja kuiona nyumba. Goti lake lilikuwa limekwisha. Daktari alitaka kulipasua, na bima haikutosha. Mkopo wenyewe ulikuwa wa wazee: angekopa kwa nyumba yake, aendelee kuishi humo bila kulipa kitu, na siku akiaga dunia benki iiuze ichukue chake. Mimi, mwanawe wa pekee, nilitakiwa kutia sahihi.

Nilikereka, nakiri. Tangu nimalize kidato cha nne nimehama vyumba vya kupanga nisivyoweza kuvihesabu, na katika kila kimoja nimelala nikiiwaza nyumba ile ya Kianjokoma, na ukungu wa asubuhi juu ya majani chai. Mtu wa kuhamahama hutaka nyumba ya kwao ibaki palepale. Lakini goti halikuwa langu. Nikafunga mkoba nikaenda.

Mama alikuwa amepaka ukuta wa mbele rangi na kuazima viti vya kanisa. Mthamini wa benki alikuwa mwanamke kijana aliyevaa gambuti. Alipima vyumba, akagonga kuta, akazisifu mbao za dari. Nikaanza kupumua. Kisha akazunguka nyuma ya jikoni, akasimama.

"Shosho, hapa ni nini?" akamuuliza Mama, kama anayesema na bibi yake.

"Ni mzee wangu," Mama akajibu, kana kwamba anamtambulisha mtu aliyeketi.

Vigae vya kaburi hilo niliviweka mimi, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, mwaka mmoja baada ya mazishi. Majirani walikuja kuvitazama.

Mthamini akafunga daftari. "Benki haichukui boma lenye kaburi. Nani atalinunua?"

"Huku kila mtu huzikwa kwake," nikasema. "Mtapata wapi nyumba ya mzee isiyo na kaburi?"

"Hata kwetu ni hivyo." Akapunguza sauti. "La udongo, lenye maua juu, ningepita nisiulize. Lakini hili nililiona nikiwa barabarani. Nilidhani ni tangi la maji."

Aliondoka bila kunywa chai. Nikaenda kutafuta nyundo.

"Gusa uone," Mama akasema kutoka kitini.

"Nitavibomoa, tuite mthamini mwingine."

"Umezunguka miaka ishirini ukaniletea kitu kimoja. Hicho nacho unataka kukivunja? Na huyo msichana ashaandika. Weka nyundo chini, urudishe viti vya watu."

Alicheka. Mimi sikuweza. Alipotaka kusimama goti likakataa, akaninyooshea mkono bila kuniangalia.

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Nachuma majani chai, nayabeba hadi kituo cha kuuzia chai kwa sababu yeye hawezi tena kushuka ule mteremko. Fundi wa Kanyakine ameacha kupiga simu. Nyumba niliyoiota imebaki kwetu, nami naizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, huku nikimsikia Mama akiguna kila anapogeuka kitandani.

Ninapoosha vyombo nyuma ya jikoni, jua hupiga vigae vile na kunichoma macho. Jana Mama aliniita kutoka dirishani.

"Vimeshika vumbi hivyo. Hebu vipanguse."

Nikachukua kitambaa, nikavipangusa.