Kipimo cha Upande wa Pili

Dada yangu mdogo ni fundi wa sare za shule Malaba, na kitu cha kwanza kumshinda kilikuwa mkasi. Asubuhi vidole vyake vilikataa kukunjika. Alikuwa akiviloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu huku wateja wakimsubiri barazani, na jua likishapanda vinalegea, naye anaanza kukata kitambaa kama mtu asiye na neno. Alisema ni baridi. Malaba haina baridi ya kumgandisha mtu vidole, lakini tulimkubalia. Kilikuwa kipindi cha shughuli nyingi na yeye mwenyewe hakutaka mjadala.

Kibanda chake kinatazama barabara ambayo malori hupanga foleni kuelekea mpakani. Ndani ni giza, kwa hiyo cherehani hukaa nje, chini ya ukingo mwembamba wa bati. Kufikia saa sita ule ukingo haumfuniki tena. Nilimwona mara nyingi ameinamia kola ya shati, jua limempiga usoni, moshi wa malori ukipita juu ya vitambaa vyeupe, naye anavipangusa kwa kiganja na kuendelea.

Baada ya vidole ilikuja homa, isiyo kali, ya kwenda na kurudi. Vikafuata vidonda mdomoni. Halafu wekundu ukamtokea kwenye mashavu yote mawili na kuvuka pua. Mwanamke anayebadilisha pesa jirani na kibanda chake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutaja.

"Dada, hiyo krimu ulinunua wapi? Imekuchoma."

"Sijapaka kitu mimi."

"Wacha basi! Ile ya Kongo, wanauza hapo tu ukivuka. Mwingine alinidanganya hivyo hivyo, saa hii anatembea na leso usoni kama bibi harusi."

Walicheka wote wawili. Dada yangu akanigeukia akitaka na mimi nicheke, nikacheka. Lakini niliporudi Busia jioni hiyo wekundu ule ulinijia tena akilini. Krimu huchoma ovyo. Huu ulikuwa umepangwa pande mbili sawasawa, kana kwamba umechorwa.

Lazima nieleze desturi moja ya nyumbani kwetu, ambayo ni ya nyumba nyingi za mpakani. Ugonjwa wa maana hupimwa mara mbili: unapimwa Kenya, kisha unavuka daraja unapimwa Uganda. Karatasi ya kwanza unaificha na hutaji jibu ulilopewa. Sababu ni kwamba zahanati inayopima ndiyo hiyo hiyo inayouza dawa, na watu wana shaka na mtu anayefaidika na ugonjwa wao. Daktari wa nchi nyingine hajui mwenzake alisema nini. Majibu yakilingana, umepata ukweli. Mama yetu, anayelima mihogo na mtama huko Bukhayo, ndiye aliyetulea hivyo. Alikuwa akisema, "Serikali mbili haziwezi kukaa chini zikubaliane kunidanganya mimi."

Kwa hiyo tulivuka. Upande wetu walikuwa wamesema taifodi. Upande wa pili tuliingia maabara ndogo nyuma ya duka la dawa, na mpimaji akaturuhusu tusimame karibu naye. Alidondosha maji ya damu ya dada yangu juu ya kigae cheupe, akaongeza tone kutoka kwenye kichupa, akakitikisa kigae kwa mviringo kama mtu anayepepeta mchele. Tone lililokuwa laini likaanza kugawanyika vipunje vipunje, mfano wa maziwa yanayokatika.

"Nyabo, taifodi iko," alimwambia mama, akimwita bibi kwa heshima ya kule. "Tena nyingi."

Mama alitoka pale kwa mwendo wa mtu aliyeshinda kesi.

Dada yangu alichomwa sindano, akapata nafuu, akarudi kwenye cherehani. Homa nayo ikarudi. Tukapima tena pande zote mbili, ikawa taifodi tena. Tukaanza kuiita taifodi sugu, na kutafuta wa kulaumiwa: kisima, mboga za sokoni, mama muuza chai pale stendi. Nywele zilianza kumtoka kwa mafungu kwenye kitana. Watu wa mtaa wakaanza kunong'ona kuhusu ule ugonjwa mwingine. Akapima huo pia, pande zote mbili, hakuwa nao. Lakini taifodi ilikuwepo kila tulipouliza. Ilikuwepo kwa uaminifu wa kutisha.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa tulichokuwa tukiuliza. Kipimo kile hakitafuti kijidudu cha taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani vitu ambavyo damu hutengeneza ikishakutana na kijidudu, ambavyo huweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya kijidudu kuondoka. Sisi tuliokulia kwenye visima na mito ya huku, wengi wetu damu zetu zingekatika kwenye kigae kile tukiwa wazima kabisa. Na damu iliyochafuka kwa sababu nyingine inaweza kutoa kingamwili ovyo, hata za magonjwa isiyonayo. Nilirudi kuangalia maabara zote mbili, ya huku na ya kule. Kichupa kilikuwa cha aina moja, kizibo rangi moja. Tulikuwa tumevuka mpaka mara zote hizo kuuliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile.

Siku moja nilimkuta amevaa ndala za mwanamume.

"Za nani hizo?"

"Zangu. Miguu imekataa zile zingine." Akainua mguu mmoja, ukanda wa viatu vya jana ulikuwa bado umeacha mfereji kwenye ngozi. "Na siku hizi nakojoa Omo. Povu mpaka juu. Nikikosa kazi ya ushonaji nitafungua dobi."

Nilicheka kwa sababu alisema vizuri. Kisha nikamwambia afunge kibanda.

Hospitalini Busia tulimpata daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya chini. Hakuanza na zile karatasi nilizobeba. Alimwambia dada yangu atoe leso aliyokuwa ameanza kujifunika usoni, akamtazama muda mrefu, akamuuliza kama wekundu unazidi akikaa juani. Akasema fungua mdomo. Akabonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Sote watatu tulilitazama shimo lile mpaka lilipoanza kujaa.

Mkojo ulikuwa na protini na damu. Chembe nyeupe za damu zilikuwa pungufu. Damu nyingine ilipelekwa mji mkubwa kwa sababu kipimo chenyewe hakifanyiki huku, na tulipokuwa tukisubiri majibu dada yangu alimaliza oda ya sketi za shule moja ya Sigalame, akishona asubuhi na jioni tu, jua likiwa limelala.

Majibu yalipokuja daktari alivuta kiti chake upande wetu wa meza.

"Hii inaitwa lupus," alisema. "Chembe zako za kinga zinatengeneza kingamwili, hiyo ni kazi yao. Lakini hizi zako hazikamati wadudu. Zinakamata viini vya chembe zako mwenyewe. Viungo, ngozi, mdomo. Sasa ziko kwenye figo."

"Kwa hivyo ugonjwa ni mimi?" dada yangu aliuliza.

"Hapana, dada. Damu yako imekosea mtu."

"Na taifodi?"

"Sidhani ulikuwa nayo. Sikiza. Figo zako bado zinafanya kazi. Tunaweza kuziokoa. Lakini hizi dawa usiache, hata ukijisikia mzima, hata uso ukivimba. Hasa hizi," akagonga pakiti ya vidonge vya steroidi. "Ukiziacha ghafla unaweza kufa. Nakuambia waziwazi."

Kulikuwa na vidonge vingine ambavyo ni jamaa wa dawa ya zamani ya malaria. Mama aliposikia hivyo nyumbani alipiga makofi. "Si nilisema tangu mwanzo kuna malaria ndani!"

Ndani ya wiki chache vidole vilikunjika. Alinionyesha: alikamata mkasi, akaufungua na kuufunga hewani, kwa haraka, chak chak chak, kama kinyozi. Januari alishona bila kupumzika. Nilidhani tumepona. Niliruhusu mawazo yangu yaende kwenye mambo mengine.

Lakini uso wake ulikuwa umejaa, mviringo, mashavu yamepanda hadi chini ya macho, na shingo nyuma imeota kinundu. Jirani yake wa kubadilisha pesa hakuliacha lipite.

"Dada, umenona! Ni dereva gani huyo anakulisha? Tuambie na sisi tupange foleni."

Mwanzoni dada yangu alimjibu. Kisha nikaona anahamisha kiti chake, akiwapa mgongo wapita njia. Kioo kidogo alichokuwa amekitundika juu ya cherehani, wateja wajitazamie kola, kilitoweka.

Na mama hakuwa ametulia. Lilimsumbua jambo moja, aliniambia tukiwa tunamenya mihogo: ugonjwa huu haukuwa umepimwa upande wa pili.

"Upande wa pili hapo Malaba hawana kipimo hicho, mama."

"Ugonjwa gani huo ambao Uganda haujulikani?"

"Unajulikana. Lakini damu inapelekwa mbali, hata huku kwetu."

"Imesemwa na mtu mmoja," alisema, akitupa ganda. "Yule msichana. Taifodi imesemwa na wangapi?"

Nilimweleza kigae, kichupa, kingamwili zinazobaki. Alinisikiliza vizuri sana. Alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu vizuri pale ambapo ameshaamua.

Februari dada yangu alishikwa na homa. Pengine ilikuwa mafua tu. Nusu ya mtaa walikuwa wakikohoa, na dawa zile, kwa kuituliza kinga yake, zilikuwa zimemwacha wazi kwa kila kinachopita. Mama alikuja kutoka Bukhayo, wakavuka daraja wawili, hawakunipigia simu. Upande wa pili walipima walichoweza kupima.

Nilijua siku kadhaa baadaye, nilipopita na unga. Mama alikuwa akifagia baraza, mwenye furaha.

"Ni ile ile," alisema. "Taifodi. Amechomwa sindano tayari."

"Na zile dawa zake?"

"Tumeziweka kando kwanza. Zisipigane."

Niliingia ndani. Dada yangu alikuwa amelala akitazama ukuta. Alipogeuka sikumtambua mara moja, maana uso ulikuwa umevimba kwa namna nyingine, umejaa maji, kope zimefumba nusu. Alitabasamu.

"Angalia," alisema, akigusa shavu. "Nilidhani nikiziacha utapungua."

Nilimpigia daktari nikiwa nimesimama hapo hapo mlangoni. Hakuuliza maswali mengi. "Mlete leo," alisema. "Sio kesho."

Tulikodi gari. Njia ya Malaba kwenda Busia ilikuwa imejaa trela zilizosimama upande mmoja, madereva wameketi chini ya matela wakipika, na kila mahali tulipopunguza mwendo dada yangu aliomba afunguliwe mlango atapike. Katikati ya safari alianza kuwataja watu ambao hawakuwemo garini. Mama alikuwa amempakata kichwa. Alikuwa akimpepea kwa upindo wa kanga yake bila kuacha, ingawa madirisha yalikuwa wazi na upepo ulikuwa mwingi.

Hospitalini walimchukua kwa mbio. Kipimo cha figo kilirudi kabla hatujapata pa kukaa. Daktari alitoka, akatutazama, akachagua kuzungumza na mama.

"Mama, aliacha zile dawa lini?"

Mama alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye chupa tupu za sindano, alizobeba ili daktari aone kwamba mgonjwa hakukaa bila matibabu. Aliupeleka mfuko nyuma yake.

"Tulikuwa tunahakikisha tu," alisema.

Daktari hakumgombeza. Nadhani ingekuwa rahisi kwetu kama angemgombeza. Alisema figo zimesimama, kwamba mgonjwa ataunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwamba dawa zitaanza upya kwa kipimo kikubwa, kupitia mshipa. Figo nyingine huamka, alisema. Nyingine hulala moja kwa moja. Hakuna kipimo cha kutuambia leo hizi ni zipi.

Hivyo ndivyo tulivyo mpaka ninapoandika haya. Siku za mashine anatolewa wodini kwa kiti cha magurudumu na kurudishwa akiwa amechoka, midomo mikavu, akitetemeka. Siku nyingine analala na kusubiri. Akili imemrudia, juzi alimwambia muuguzi kwamba shuka za hospitali zimeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda harusini. Mama analala kwenye mkeka sakafuni na hajaomba kurudi Bukhayo, ingawa mvua zimeanza na majirani wameshapanda.

Mkojo wa dada yangu, ule mchache unaotoka, unaingia kwenye mfuko ulioning'inizwa chini ya kitanda. Daktari akija asubuhi haanzi tena na uso. Anainama kwanza, anaushika mfuko kwa vidole viwili, anauinua kidogo upande wa dirisha aone kama mkojo umeongezeka, kama figo zimeanza kuamka. Dada yangu anazitazama nywele za daktari, ndizo pekee anazoziona akiwa amelala, na anazuia pumzi hadi daktari ainuke. Leo aliinuka akaandika, akasema tungoje na kesho.