Sakafu Isiyopakwa Oili

Baba alinipigia simu siku ya Alhamisi, baada ya miezi minane ya kimya, akaniambia anataka sakafu ya mbao. Hakuuliza habari za mama. Alisema nyuma ya nyumba kule Kawangware kuna nafasi ya futi kumi kwa nane, anataka kusimamisha stoo, na chini hataki saruji, anataka mbao zilizoinuliwa kutoka ardhini. Mkono wake wa kulia siku hizi unatetemeka, nyundo haishikiki. Kisha akasema, "Nimeona bora nikuite wewe, mama."

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Sisi watu wa Kitui tuna desturi hiyo, binti wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba. Nililipenda jina langu mpaka nilipofika miaka tisa, baba alipotuacha Laini Saba, huku Kibera, na kuhamia kwa mke wa pili. Mwaka uliofuata tukasikia kule kumezaliwa msichana. Kwa kuwa yeye naye alikuwa binti wa kwanza wa nyumba yao, akapewa jina lilelile. Naye akawa anaitwa mama. Watu wazima walinieleza kwamba ndivyo mila ilivyo, kila nyumba inamzaa nyanya wake, na hakuna aliyeibiwa. Mimi niliona nimeibiwa. Mpaka leo nikijaza fomu yoyote naandika jina langu nikijua kuna mwingine anayelitumia, tena yeye analitumia akiwa na baba.

Nina wivu, sina haja ya kuzunguka. Wenzangu wakiwa wadogo walihesabu mabasi na magari, mimi nilihesabu vitu walivyo navyo watu wa Kawangware. Walikuwa na geti. Walikuwa na mfereji wao uani wakati sisi tulipanga mitungi. Na huko Kawangware kwenyewe si mbali, ni mwendo wa saa moja kwa miguu ukikaza hatua. Angekuwa amehamia Mombasa ningemsamehe mapema zaidi.

Kazi ya mbao hakunifundisha yeye. Alipoondoka, banda lake la useremala kando ya reli lilichukuliwa na fundi jirani, na mimi nikawa nikitoka shule naenda kukaa pale, kwanza kwa sababu palinukia baba, baadaye kwa sababu nilipenda kazi yenyewe. Leo nina banda langu, natengeneza vitanda, milango na viti, na wateja wanaotaka kunipima kwa kuwa ni mwanamke huwa nawaacha wanipime. Wakimaliza nawatajia bei.

Kwa hiyo simu ile nilikubali kabla hajamaliza kueleza, na sababu haikuwa kazi. Nilitaka baba arudi kwa mama. Nilijiambia tutakuwa pamoja siku mbili juu ya mbao, ataona ni nani aliyerithi mikono yake, na jioni ya pili nitamwomba arudi Laini Saba. Maneno niliyapanga usiku wa Ijumaa nikiwa kitandani. Jumamosi asubuhi nilimwambia mama ninakokwenda. Alikuwa anakata sukuma za kuuza. Alisema sawa, akaendelea kukata.

Geti nilifunguliwa na huyo wajina wangu, mtoto mgongoni. Alikuwa ameolewa na ana kazi ya ofisi mjini, hivyo ndivyo nilivyojua, lakini pale alikuwa amevaa kanga ya nyumbani na malapa. Ndoa imeisha, amerudi. Nakiri nilifurahi kidogo, kisha nikaona aibu, kisha nikafurahi tena. Alinisalimia "sasa, siste" kwa sauti ndogo na kuniondolea mfuko wa vifaa begani. Mama yake hakuwepo. Yeye huuza mapazia ya mitumba soko la Toi, na Jumamosi hawezi kukosa. Hiyo ploti na nyumba ni jasho la hayo mapazia, jambo ambalo kwetu halikutajwa kamwe, maana ilikuwa rahisi kuamini kwamba ni jasho la baba.

Baba alikuwa amepungua. Suruali ilikuwa imefungwa mkanda mpaka ikakunjamana kiunoni. Lakini mbao alikuwa amezichagua mwenyewe, saipresi ya inchi mbili kwa sita, na mawe ya kuziinua yalikuwa tayari yamepangwa. Nikainua kila mbao kwenye jicho, nikaitazama kwa urefu kuona imepindia wapi, maana mbao karibu zote zina mgongo, na mgongo lazima uangalie juu ili uzito ukija unyooke. Baba alinitazama nikifanya hivyo. Nilingoja aseme neno. Akainama kuweka sawa jiwe moja.

Tulifunga fremu ya nje kwanza. Ukishafunga unapima kutoka kona hadi kona, halafu unapima kona zile nyingine mbili, na vipimo visipolingana fremu yako imelala upande hata kama kwa macho inapendeza. Baba akanyoosha mkono bila kugeuka akasema, "Mama, leta futi." Tuliitika wawili. Futi yangu ya kupimia ilikuwa mfukoni, ila ile ya baba ya zamani ilikuwa karibu na wajina wangu, juu ya tangi la maji, akaiokota akampa. Baba akamwambia asante. Nilirudi kwenye msumari wangu nikaupiga ukapinda, mimi ambaye sipindi misumari.

Zikaja mbao za ndani, moja kila baada ya futi na nusu, na hapo ndipo tulipogombana. Nilikuwa nimekuja na galoni ya oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari, nimeiomba gereji. Hakuna fundi Kibera anayelaza mbao karibu na udongo bila kuipaka hiyo oili, maana mchwa wa Nairobi hawana adabu. Na aliyewazoesha mafundi wengi wa pale relini kuipaka ni baba mwenyewe. Nilipofungua kifuniko akaniambia niifunge.

"Hiyo usipake. Inanuka."

Nikamuuliza kama stoo iko na pua. Hakucheka. Nikamwambia bila oili mchwa watamaliza hiyo fremu yote kwa miaka miwili, na watu watasema ni mimi niliyeitengeneza.

"Miaka mbili imetosha," akasema, akaenda kukaa kivulini.

Nililichukua kama tusi. Nilidhani ananiambia kazi yangu haistahili kudumu. Niliondoka jioni bila kunywa chai yao, na njiani kote nilikuwa nabishana naye kichwani, nikimshinda kila mara.

Jumapili nilirudi baada ya kanisa kupiga mbao za juu. Baba akataka zipigwe randa. Hapo nikamwambia wazi kwamba makaa na kuku hawaulizi kama mbao imepigwa randa, na kwamba anapoteza wakati wangu. Akasema tu zipigwe. Nikapiga, jasho likinitoka, na wajina wangu akachukua msasa bila kuombwa, akapiga magoti, akawa anasugua kila ubao niliomaliza. Alisugua kama mtu anayelipia kosa, mtoto akiwa amelala mgongoni. Baba akapitisha kiganja chake juu ya ubao mmoja na kusema, "Mama ana mkono mwepesi." Alimaanisha huyo wajina wangu.

Hilo liliniuma kuliko miaka yote. Mimi nina alama za msumeno kwenye vidole viwili, nimelea banda peke yangu, na sijawahi kuambiwa na baba hata kwamba nyundo naishika upande sahihi. Huyu amesugua msasa nusu saa. Nilitamani kumwambia aende akasugue sufuria. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na ombi la jioni, na mwenye kuomba huchunga mdomo.

Mbao zilipofika zaidi ya nusu, baba akavua viatu. Nilidhani anataka kusikiliza kama kuna ubao unaocheza. Alitembea mpaka katikati, akakaa, kisha akalala chali na kunyoosha miguu, kichwa upande wa ukuta wa nyumba. Akasogea kidogo. Akalala kwa ubavu, akakunja magoti, akanyoosha tena.

"Hapa panatosha," akasema akitazama juu. "Dirisha likuwe huku. Mlango usinipige miguu."

Nilibaki na nyundo mkononi. Oili, randa, miaka miwili, yote yalinijia kwa mpigo. Nilimwuliza kama ni yeye atakayelala humo, na akajibu ndiyo kwa wepesi, kama mtu aliyeulizwa kama anaongeza sukari. Nyumba ina vyumba viwili. Kimoja ni cha mkewe, na hicho alishatolewa zamani kwa sababu ya kikohozi. Cha pili, alimokuwa analala yeye, amepewa binti aliyerudi na mtoto. Mwenye nyumba amesema hivyo, na mwenye nyumba ni mke wake. Alieleza bila uchungu, akiwa bado amelala.

Wajina wangu aliacha kusugua. "Mimi sikumwambia atoke, siste," akaniambia. "Ni mathe ndio alisema." Machozi yalikuwa yamemjaa. Nilitaka kumhurumia, ila nilichofikiria ni kwamba sasa amechukua hata chumba, na kwamba bado atakuwa ndiye wa kumpelekea baba chai asubuhi, hatua kumi kutoka jikoni, wakati mimi nikisubiri simu ya miezi minane.

Yale maneno niliyoyapanga yalinipotea yote. Nilisema tu, "Baba, rudi nyumbani. Kwa mama kuna nafasi."

Akainuka akakaa. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, kunitazama kabisa.

"Nilianzia huko, mama. Kabla mvua ianze. Ulikuwa umeenda kazi. Mama yako alinipatia chai, tukaongea vizuri tu, na akaniambia nikimaliza chai nirudi kwenye nilitoka."

Miaka ishirini na mitano nilikuwa nimeona wivu kwa niaba ya mama, nimehesabu geti na mfereji kwa niaba yake, na mwanamume mwenyewe alipokuja mlangoni, mama akamrudisha na hata kuniambia hakuniambia. Nilimalizia sakafu. Kila msumari niliuzamisha kichwa ndani ya mbao ili usishike blanketi. Wajina wangu alileta chai na safari hii nilikunywa, tukiwa tumekaa wawili ukingoni mwa sakafu. Baba alikuwa amelala palepale, usingizi wa kweli, mdomo wazi.

Nilirudi Laini Saba kwa miguu makusudi, ili hasira isipoe. Nilimkuta mama mlangoni anachagua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia yote niliyoyabeba. Kwamba baba alikuja naye akamfukuza, kwamba alinificha hilo, kwamba hakuniuliza mimi nataka nini, kwamba mume wake anawekwa stoo kama gunia na yeye ameketi hapa anachagua maharagwe. Nilisema mpaka jirani akazima redio. Mama hakukana hata moja. Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa nje, akangoja nimalize.

"Na hizo mbao," akasema, "akigeuka hazitapiga kelele? Yeye hugeuka sana akilala."

Nilimwambia hazitapiga. Miaka tisa nililala nyuma ya pazia katika chumba hichohicho na baba, na hilo la kugeuka silikumbuki. Nikamwonea wivu hata mama.