Kombe la Mzee Mbaruku

Mikono ya Daktari Anaeli ilianza kutetemeka akiwa bado nyumbani. Aliijua hali ile. Inaanzia kwenye vidole vidogo, inapanda mpaka kwenye viwiko, halafu inashuka tena na kutulia kwenye vidole kama mgeni aliyekuja kukaa. Alifunga kamba za viatu barazani, zikafunguka. Akafunga tena. Ndani ya fremu ya duka la mbele mama yake alikuwa anapanga zipu na vifungo kwa ajili ya wateja wa Mtaa wa Mchikichi. Alimwona, akaendelea kupanga.

Si kwamba Anaeli hakuwa daktari. Udaktari aliusoma zamani, akafanya kazi Singida, akarudi Dar kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, akaumaliza. Sasa alikuwa amerudi shule tena, kwenye hospitali kubwa ile inayofundisha madaktari, anasomea ubobezi. Kazi yenyewe ni kuingiza mpira mrefu wenye kamera mdomoni mwa mgonjwa, kuushusha mpaka tumboni, kutafuta mahali panapovuja damu na kupaziba bila kumpasua mtu. Pale mtaani jambo hilo liliwashinda watu kulielewa.

"Ana, hivi shule gani hiyo haina mwisho?" wauza mitumba walimuuliza.

"Nabobea."

"Ukishabobea unakuwa nani?"

"Daktari."

"Si ndiyo ulivyokuwa jana?"

Walicheka, na yeye alicheka. Hakuwaambia kwamba jana ile alikuwa daktari asiyeogopa. Siku hizi alikuwa anaogopa.

Hofu ilimwingia siku damu ilipojaa kwenye kioo cha kuonyeshea picha. Mpira umeshashuka, kila kitu kinaonekana vizuri, mara kioo chote kikawa chekundu, hajui juu wala chini. Akaganda. Profesa Bakili, aliyekuwa anamfundisha, akauchukua mpira mkononi mwake taratibu, akamaliza kazi. Mara ya pili ikawa vilevile. Profesa Bakili hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyowatisha wanafunzi wake. Baada ya mara ya pili alimwambia, "Daktari, ukiniachia mpira huu mara ya tatu, tutakaa tuzungumze kama kazi hii ni yako." Akaondoka akifuta miwani.

Na mgonjwa wa leo alikuwa Mzee Mbaruku.

Nyumba waliyopanga akina Anaeli ilikuwa ya Mzee Mbaruku. Ilikuwa imebaki moja katikati ya maghorofa, na bado ina ukumbi mrefu na uani wenye kisima kilichofunikwa. Yeye alikuwa fundi wa kanzu. Anaeli alikulia chini ya meza ya cherehani yake, anaokota vifungo, huku mama yake akiuza dukani. Homa zilipompanda utotoni, mke wa mzee, Bi Sitara, alimletea kombe: aya zilizoandikwa na Mwalimu Khalfani wa madrasa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha zikasuuzwa kwa maji ya mawaridi, mtoto akanyweshwa. Mama Anaeli ni Mlutheri wa Machame. Kila sahani ilipopita aligeukia rafu, akahesabu zipu.

Mwezi uliopita Mzee Mbaruku alikuwa anashona kanzu ya bwana harusi. Akakohoa mara moja tu, kisha akatapika damu. Ilimwagika juu ya kanzu yote, mbele na mikono. Watu walipiga kelele. Yeye aliitazama ile nguo, akasema, "Nitaifua," halafu akaanguka.

Walimwokoa. Ini lake lilikuwa limeharibika kwa ugonjwa wa zamani ambao hakujua anao, na mishipa kwenye koo la chakula ilikuwa imevimba kama mirija ya baiskeli iliyojazwa upepo kupita kiasi. Ilitakiwa kufungwa kwa vijipira vidogo, mmoja mmoja, kabla haujapasuka mwingine. Ukipasuka mwingine akiwa nyumbani, huenda asifike hospitali.

"Atafungwa na nani?" Bi Sitara aliuliza.

"Profesa atakuwepo, Bibi."

"Sijauliza nani atakuwepo."

Anaeli alitazama chini. "Mimi."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Sitara, akaonekana kupumua. Anaeli ndipo alipozidi kuogopa. Kama mkono wake ungeteleza, angepita wapi kwenda nyumbani? Chumba chake kilikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya mtu huyo huyo.

Alimweleza bibi masharti polepole. Tangu usiku mzee asile kitu, asinywe kitu. Akilazwa usingizi tumbo likiwa na chochote, kitapanda na kuingia kwenye mapafu, na hapo hataokoka hata awepo profesa wa dunia nzima.

"Hata maji?"

"Hata maji, Bibi."

"Basi asubuhi ntampa dua tu," alisema Bi Sitara.

"Dua sawa," alijibu Anaeli.

Chumba cha kamera kilikuwa na baridi ya kiyoyozi. Mzee Mbaruku alilala ubavu wa kushoto, kofia ameivua, kichwa chake kidogo kuliko Anaeli alivyozoea kukiona. Chiku, nesi wa dawa za usingizi, alikuwa tayari na bomba la sindano.

"Shikamoo mzee. Umekula asubuhi?"

"Marahaba. Sijala, binti yangu."

"Umekunywa? Chai, soda, maji ya bomba?"

"Sijagusa."

Profesa Bakili alisimama nyuma karibu na ukuta. "Leo nitaweka mikono mfukoni," alimwambia Anaeli. Akaiweka kweli.

Anaeli aliinama kumpulizia mzee dawa ya ganzi kooni. "Panua mdomo, Babu." Mzee akapanua. Na hapo harufu ya mawaridi ikamjia usoni.

Alisimama wima. Chiku alikuwa ameshaunganisha bomba kwenye mshipa, anasubiri kuambiwa. Anaeli alihisi jasho kwenye baridi ile. Mzee Mbaruku hupaka marashi kila siku akitoka msikitini, huenda ni hayo tu. Huenda ni akili yake mwenyewe inatafuta mlango wa kukimbilia. Alijishuku. Akimwambia profesa asimamishe kazi kwa sababu ya harufu ya maua, na ikawa si kitu, basi ubobezi wake umeishia hapo. Asipomwambia, na ikawa ni kitu, basi ni yeye atakayemzamisha babu yake.

Akainama tena. Harufu haikutoka shingoni. Ilitoka ndani. Na ulimi ulikuwa wa njano.

"Babu," alinong'ona, "Mwalimu Khalfani alipita leo?"

Uso wa mzee ukalainika. "Alipita baada ya alfajiri. Mungu amlipe, kaja kwa miguu kutoka mtaa wa Gerezani."

"Akaja na sahani?"

"Ana, ile si kunywa. Ile ni Qurani. Huyu binti kaniuliza chai na soda."

"Ulikunywa yote?"

"Sasa aya utaibakisha?"

"Chiku, subiri," alisema Anaeli. "Usisukume dawa."

Profesa Bakili akasogea. "Kuna nini?"

"Tusimame, Profesa. Ana kitu tumboni."

Profesa alimgeukia mzee. "Mzee wangu, umekula?"

"Sijala," alijibu Mzee Mbaruku, na safari hii sauti ilikuwa na machungu. "Mimi si muongo. Kwetu hatuna muongo."

Profesa akamtazama Anaeli. Hakutazama uso, alitazama mikono. Ilikuwa inatetemeka wazi, hata ndani ya glavu. "Mgonjwa anasema hajala," alisema kwa ile sauti ya chini. "Hii ni mara ya tatu, daktari."

Anaeli alitaka kuificha mikono, akaona haina faida. "Naogopa, Profesa. Sikatai. Nimeogopa tangu nyumbani. Lakini naogopa, na kitu kipo tumboni mwake. Yote mawili ni kweli." Kisha akamshika mzee bega. "Babu, mimi hujanidanganya hata siku moja. Mwambie Profesa ulivyopewa alfajiri. Kila kitu cha baraka."

Mzee Mbaruku alijiinua kwa kiwiko. "Kombe," alisema. "Bakuli la kawaida tu. Na asali, maana zafarani inakera. Na mbegu za habasoda kidogo. Na tende."

"Tende?" Chiku aliuliza.

"Za Madina. Saba. Kaleta Hajati wa nyumba ya tatu. Zile si chakula, binti. Ukila kama chakula zinakuwa hazina maana."

Hakuna aliyecheka. Chiku alilichomoa bomba la dawa polepole na kuliweka kwenye sahani yake, akawa analitazama kama nyoka. Profesa Bakili alitoa mikono mfukoni, akavua miwani. Alikuwa mtu wa Kilwa. Huenda na yeye aliwahi kunyweshwa.

"Mtoeni nje," alisema. "Alasiri atarudi. Asiguse kitu, hata cha peponi."

Mchana ule ulikuwa mrefu. Bi Sitara alikaa kwenye benchi la korido, ushungi ameuvuta mpaka kwenye nyusi. Anaeli alikuwa anaingia na kutoka kwenye wagonjwa wengine, na kila aliposikia kikohozi cha mzee nyuma ya pazia alikimbilia huko akitarajia kuona damu. Mara moja alikuta mzee anasafisha koo tu. Akaenda kukaa benchini.

"Nimemuua?" Bi Sitara aliuliza. Hakumtazama.

"Hujamuua, Bibi."

"Nilikwambia nitampa dua. Ukasema sawa."

"Nilisema sawa," alikubali Anaeli. "Nimekunywa makombe yako tangu nina miaka minne, na sikukumbuka kuuliza."

Bi Sitara alitoa tasbihi, vidole vyake na vyenyewe vikawa vinatetemeka. Walikaa hivyo, bega kwa bega.

Alasiri mzee alirudishwa. Safari hii ulimi ulikuwa mkavu. Chiku akasukuma dawa, mzee akalala. Anaeli alishusha mpira. Mishipa ilionekana, ya buluu, imejaa, mmoja una doa jekundu juu yake. Akafunga wa kwanza. Akafunga wa pili. Alipousogelea wenye doa, ukapasuka kabla hajaugusa, na kioo kikawa chekundu chote.

Kelele ya mashine ikabadilika. Chiku alisema kitu kuhusu presha. Anaeli alisubiri mkono wa profesa uje kuuchukua mpira, hata akaulegeza wake kidogo. Mkono haukuja.

"Maji," alisema Profesa Bakili kutoka ukutani. "Mwagia maji. Usiende popote. Subiri uone."

Akamwagia maji. Nyekundu tupu. Akamwagia tena. Akilini ilimjia kanzu ya bwana harusi, mbele na mikono, na akajua kabisa kwamba mtu anafia mikononi mwake. Mikono ilitetemeka mpaka picha nayo ikatetemeka kwenye kioo. Lakini hakuitoa. Maji yakapita, ukungu mwekundu ukafunguka kidogo pembeni, akaona mahali damu inaporuka kama uzi. Akausogeza mpira hapo. Akavuta mshipa ndani ya kofia ya mpira, akaachia kijipira.

Uzi ukakatika.

Waliendelea kutazama kwa muda. Damu haikutoka tena.

"Toa mpira," alisema profesa. Mlangoni alisimama. "Utatetemeka hivyo hivyo mpaka ustaafu. Wapo wengine hivyo. Fanya kazi na huo mtetemeko." Akatoka.

Anaeli alikwenda chooni, akatapika, akanawa uso.

Mishipa ya namna ile haiishi kwa siku moja, kwa hiyo wiki chache baadaye Mzee Mbaruku alitakiwa kurudi. Asubuhi hiyo Anaeli alitoka chumbani vidole vimeshaanza, akamkuta mzee ameketi barazani na kofia yake nzuri, midomo mikavu, amenuna kama mtu aliyenyimwa haki. Hakukuwa na kikombe mbele yake wala nyuma yake. Anaeli alikagua mpaka chini ya cherehani.

Kisha akamwona Bi Sitara anatokea uani na sahani nyeupe, ameishika kwa mikono miwili, maji ya njano yanacheza ndani yake.

"Bibi," alisema Anaeli, na moyo ukampasuka. "Bibi, hapana. Nakuomba."

"Tulia," alisema Bi Sitara. "Lako hili. Yeye atalala usingizi, ana shida gani? Anayetetemeka ni wewe. Au na wewe umekatazwa?"

Anaeli aligeuka kuitazama fremu. Mama yake alikuwa ameelekea rafu, anahesabu zipu.

Akaipokea sahani. Mikono yake na ya bibi iliishika pamoja, maana ya mmoja peke yake isingefika mdomoni. Akanywa yote. Ilikuwa kali na tamu, na harufu ya mawaridi ikampanda puani. Tone moja likaanguka kwenye koti lake jeupe, kifuani.

Mzee Mbaruku, fundi wa nguo nyeupe, alilitazama lile doa kwa makini.

"Zafarani hiyo," alisema. "Haitoki." Akanyanyuka, akachukua bakora yake. "Twende basi. Mimi nina njaa."