Vigimbi vya Mdogo Wangu

Watu walikuwa wakisimama njiani kutazama vigimbi vya mdogo wangu. Alikuwa mtoto wa darasa la pili, mikono myembamba, mabega yamechongoka, lakini nyuma ya miguu yake, chini ya goti, nyama ilikuwa imejaa na kukaza kama ya mwanamume aliyezoea kubeba magunia ya maharage mpaka sokoni Manyovu. Wazee waliokuja kwetu kutoka Heru Juu walimpiga vikofi vya mapenzi mguuni wakisema huyu atakuwa mkimbiaji, huyu jeshi litamtafuta lenyewe. Mama alicheka kwa fahari. Mimi sasa nina wajukuu, na mpaka leo mtu akimsifia mtoto mwili mbele yangu napandwa na hasira, wala sijali ananionaje.

Maana mtoto huyo wa kusifiwa hakuweza kukimbia. Alitembea kwa vidole, tumbo mbele, mgongo umepinda kwa ndani. Akiketi chini, kuinuka kwake kulikuwa kazi: kwanza anapiga magoti, kisha anaweka mikono kwenye magoti, kisha kwenye mapaja, anajipanda mwenyewe mpaka anasimama. Wenzake walimwiga na kucheka. Sisi nyumbani tulimwona anavyojitahidi, lakini nje ya nyumba yetu kila mtu alitazama vigimbi na kufunga hesabu: miguu ipo, kwa hiyo kinachokosekana ni nia. Mtoto mvivu.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye migomba yetu ya zamani, tukapangwa mstari mmoja katika kijiji kipya upande wa Kasulu. Shule ilikuwa juu ya kilima na mto ulikuwa bondeni. Kila asubuhi kabla ya masomo kulikuwa na mchakamchaka: watoto wote mbio mpaka mtoni, halafu mbio kurudi juu, huku tunaimba. Ukichelewa kufika unakuta fimbo inakungoja. Mdogo wangu alichelewa kila siku. Alichapwa kila siku, na wapi? Kwenye vigimbi. Mwalimu mkuu, mtu aliyeletwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alimsimamisha mbele ya shule nzima, akaielekeza fimbo miguuni mwake akasema, "Tazameni. Miguu ya Mnyamwezi wa mizigo, moyo wa kuku."

Shule nzima ilicheka. Mimi nilikuwa darasa la tano na sikucheka. Nilitamani ile fimbo imvunjikie mkononi.

Mama alikuwa mzaliwa wa upande wa Kibondo. Alimpeleka mdogo wangu huko kwa kaka yake, ili akaonwe na tabibu wa zahanati moja. Tulimngoja kwa matumaini yote tuliyokuwa nayo. Tabibu alivibinya vile vigimbi, akacheka, akasema mtoto ni mzima kabisa, apewe maharage na aongezewe mazoezi. Mazoezi! Mama alirudi na neno hilo kama mtu aliyeagiza chumvi akaletewa majivu.

Basi akaenda shuleni mwenyewe. Nilikuwepo, nikifagia uwanja. Alipiga magoti mbele ya mwalimu mkuu kama wanawake wa kwetu wanavyosalimia mtu mkubwa, akabaki pale pale chini.

"Mwalimu, mwana wanje, mwanangu huyu, hawezi mlima. Namwona kwa macho yangu. Akipanda anatetemeka."

"Mama, mtoto wako hana ugonjwa. Umeambiwa na tabibu."

"Basi ashuke tu, Mwalimu. Ashuke na wenzake. Kupanda nitampandisha mimi."

Mwalimu mkuu alifikiri, kisha akacheka. "Haya. Kushuka hata jiwe linashuka lenyewe. Lakini akimbie kweli, nisimwone anatembea."

Mama alimshukuru! Alimshukuru mtu yule kwa mikono miwili. Alirudi nyumbani anatembea kwa haraka, uso umefunguka, akamwambia mdogo wangu, "Nimekuombea mlima, mwana wanje. Umebaki mteremko tu."

Tangu siku hiyo mdogo wangu aliteremka mbio na wenzake, miguu ikijizuia kwa kila hatua asije akapiga mweleka, na mama alimngoja mtoni na kanga yake. Alimfunga mgongoni, mtoto mkubwa vile, akapanda naye kilima mpaka mlangoni mwa darasa. Watoto walimzomea. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimwambia anamlea mtoto kama yai. Baada ya hapo ndipo alipokwenda kulima, shamba la kijiji kwanza, letu baadaye.

Siku nyingine mdogo wangu alirudi jioni mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, na miguu inamuuma hata kuguswa na shuka. Mama aliikanda kwa maji ya moto, akasema bora hakupanda, je, angepanda ingekuwaje?

Kabla hajamaliza darasa la nne miguu ilikataa kabisa. Aliketi, hakusimama tena. Sasa hakuna aliyemwita mvivu. Sasa walisema amerogwa, na waliosema hivyo ni wale wale. Misuli ya kifua ikafuata miguu, na hakufika umri wa kuoa. Mwalimu mkuu alikuja kuhani akala ugali wetu.

Miaka mingi ilipita. Halafu mtoto wa binti yangu akaanza kutembea kwa vidole, vigimbi vimejaa. Sikungoja mtu avisifie. Nilimbeba mpaka hospitali kubwa, na huko daktari kijana alinichorea msuli kwenye karatasi. Ndani ya kila uzi wa msuli, alisema, kuna nyuzi ndogo zaidi zinazovutana, ndizo zinazokunja mguu. Nje kuna utando mwembamba. Kati ya hizo nyuzi na utando inatakiwa iwepo protini ndefu inayoitwa distrofini, upande mmoja imeshika nyuzi, upande wa pili imeshika utando. Yenyewe haivuti kitu. Kazi yake ni kushikilia, ili msuli ukijikaza utando usichanike.

"Kumbe ni kamba," nikamwambia. Kwetu tunafunga fito kwenye nguzo kwa kamba za mgomba, ndipo tunakandika udongo. Usipofunga, nyumba itasimama, tena itapendeza, lakini kila ikitikiswa udongo unabanduka.

Akasema ndiyo, na mwili wa mtoto huyu hautengenezi kamba hiyo. Msuli unachanika, mwili unaziba kwa mafuta na makovu, na kigimbi kinanenepa. Zile nyama walizozisifu wazee, walizozichapa walimu, hazikuwa nguvu. Yalikuwa makovu.

Nikamuuliza kuhusu milima. Akajibu kwa upole, hakujua anamjibu nani. Kupanda kuna nafuu, alisema. Kinachochana zaidi ni kuteremka, hasa mbio, kwa sababu msuli unavutwa huku umejikaza kumzuia mtu asianguke. "Huyu msimkimbize kwenye miteremko, bibi."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali. Nilitaka kupiga mtu, na wote niliotaka kuwapiga walikuwa wamekufa au wamezeeka.

Mama alikuwa hai bado, mgongo umepinda, anaota jua mlangoni kwake. Alinisubiri niketi, akauliza habari za kitukuu chake, nikamweleza ile kamba inayokosekana. Alielewa upesi kuliko mimi.

"Basi hata mlima ule ungemmaliza mapema," akasema. "Mteremko ulimsaidia, siyo?"

Alikuwa ananitazama. Ruhusa ile ya kuteremka tu ndiyo kitu pekee alichowahi kumpatia mtoto wake katika dunia ile, na alikipata akiwa amepiga magoti.

"Ulimsaidia sana, mama," nikasema, na nilikuwa nimekasirika mpaka meno yananiuma.